Pawatila ya Shangazi

Mtaa mzima ulimwita Shangazi, hata wazee waliomzidi umri. Shangazi wa haki alikuwa kwa watoto wa mdogo wake, seremala, ambaye aliishi naye nyumba moja pamoja na mkewe. Wengine wote walijichukulia tu jina, naye hakuona sababu ya kuwanyang'anya. Alikuwa mwanamke mfupi mwenye mabega mapana, maana maisha yake ya kazi aliyamaliza akikamua mashuka katika bweni la wanafunzi. Alipostaafu, nyumba nzima ilikuwa imekwisha kumpangia cha kununua kwa kiinua mgongo chake. Mdogo wake alitaka anunue cherehani, akae kivulini ashone. Wifi yake alitaka friji, na hakuficha. Shangazi aliwasikiliza wote kwa adabu, akatoka asubuhi bila kuaga, akarudi jioni akifuata nyuma ya mkokoteni uliobeba pawatila ndogo ya petroli, nyekundu, ikiwa bado na karatasi zake za dukani.

Wifi yake aliizunguka mara mbili, akauliza mbona friji hilo lina meno.

Kwa asiyeijua, pawatila ya bustani ni mashine ya kulimia isiyo kubwa kuliko toroli. Injini iko juu, meno ya chuma yaliyopinda yako chini, na nyuma kuna mishikio miwili. Ungemwambia Shangazi kwamba mishikio ni ya kusukumia, angekukatiza hapo hapo. Pawatila haisukumwi. Ukiisukuma umejichosha bure, na ukishindana nayo itakuburuta mbele za watu. Unaiacha ijiendee, huku umeikandamiza kidogo ile nondo ya nyuma inayozama udongoni, ili isitimue mbio. Mkono wa kwanza, yaani kupita mara ya kwanza, ni wa kukwaruza juu juu tu. Wa pili ndio wa kwenda chini. Wenye papara hutaka kina siku ile ile kwa mkono mmoja, na hao aliwaacha waende kwa wenye majembe.

Udongo nao alikuwa na namna yake ya kuuhoji. Aliokota konzi, akaifinya, akafungua kiganja. Ukibaki donge la kung'ang'ana, alisema leo hakulimwi, hata kama mwenye shamba amekuja na ukoo wake wote kutazama. Nyasi na matambara yakijizungusha kwenye meno, alizima injini, akachomoa waya wa plagi na kuuweka pembeni, ndipo akaingiza mkono. Watu walimcheka kwamba anaogopa mashine iliyolala. Aliwajibu kwamba vidole vyake huvihesabu kila jioni, na mpaka sasa analipenda jibu analolipata. Lakini sheria yake kubwa kuliko zote ilikuwa ya tangi: mfuniko hafungui injini ikiwa ya moto. Huizima, hukaa chini, hunywa maji, hungoja chuma kipoe hadi kiguswe kwa kiganja, ndipo huongeza petroli. Aliona watu wengi wakicheza na petroli katika maisha yake, na baadhi yao nyusi hazijaota mpaka leo.

Aliipenda ile mashine. Ujana wake wote, kabla ya bweni, alilima kwa jembe la mkono kwenye shamba la wazazi, na aliapa kwamba ardhi na yeye basi. Kumbe hakuichukia ardhi, aliuchukia mgongo kumuuma. Alipoishika mishikio na kusikia udongo ukipinduka mbele yake, mweusi na laini, alijisikia msichana. Hilo hakumwambia mtu. Bustani za mtaa, viwanja vya mboga, vipande vya mahindi nyuma ya nyumba, vyote vilipita mikononi mwake kila mvua zilipokaribia, na mtu akichelewa kuweka nafasi yake alipanga foleni kama wengine.

Usiku pawatila ililala kwenye ujia wa ndani ya nyumba, mlangoni pa chumba cha Shangazi. Kulikuwa na stoo uani, ila mlango wake ulikuwa umeanguka bawaba, na mwenye nyumba, ambaye ni seremala na mtaa mzima umefungwa kwa milango yake, alikuwa akisema ataushughulikia Jumamosi. Jumamosi hiyo ilikuwa haijafika. Harufu ya petroli ilimkaba koo Shangazi, akawa anakohoa kikohozi kikavu usiku, lakini aliona ni heri kukohoa kuliko kuamka akute wezi wameondoka na kazi yake. Wala hakulalamika, asije akapewa tena hotuba ya cherehani.

Basi msimu mmoja, mawingu yakiwa yameanza kujipanga, pawatila ikaanza kiburi. Ilikuwa ikiwaka vizuri asubuhi, ikiingia kazini kwa nguvu zote, na katikati ya tuta la tatu au la nne injini ilikohoa, ikalegea, ikazima. Shangazi alivuta kamba. Kimya. Akaweka choki, akavuta tena. Kimya. Alivuta mpaka kwapa likauma, na wenye bustani wakaanza kutazama pembeni kwa heshima. Akakaa chini kama desturi yake, akangoja ipoe, akavuta tena, ikawaka kama haikuwahi kugombana na mtu. Tuta la tatu au la nne, ikazima.

Alifanya yote aliyoyajua. Alichomoa plagi, akaisugua kwa msasa mwepesi, akaona cheche zake ni za bluu na kali. Alipima oili mashine ikiwa mahali tambarare. Alimwaga petroli yote, asije akawa ameuziwa iliyochakachuliwa, akajaza mpya. Alilifua chujio la hewa kwa maji ya vuguvugu, kazi ambayo kwake ilikuwa starehe, akalianika. Mashine ikawaka vizuri, ikalima, ikazima.

Mdogo wake alipoambiwa aliisogeza uani, akavuta kamba mara moja tu. Ikawaka. Akaiacha ingurume kidogo, akaizima, akaiwasha tena, akaizima, akajifuta mikono kwenye suruali. Ndipo Shangazi akaipeleka kwa fundi wa mashine aliyeitwa Fundi Pole, kwa sababu alimpa pole kila mteja, na pia kila injini kabla ya kuifungua. Fundi Pole alikaa nayo siku nzima. Alifungua kabureta, akaitandaza juu ya meza pamoja na mfuniko wa tangi na kila kinachofunguka, akasafisha, akapuliza, akairudisha kabureta mahali pake. Kila alipoijaribu, injini ilikuwa mzima wa afya. Alimrudishia kwa upole wake wote akimwambia kwamba amefanya kazi hii miaka mingi na hajaona mashine nzima kiasi hiki.

Shangazi aliichukua, akaenda nayo kwenye bustani ya jirani, ikamzimikia tuta la nne.

Jioni ile mdogo wake alimfuata kwenye kibaraza. Hakuwa mtu wa maneno mengi, na aliyokuja nayo alikuwa ameyachonga kwanza.

“Dada,” alisema, “mashine haina neno. Kwangu inawaka, kwa fundi inawaka. Wewe ndiye umechoka.”

Alimweleza polepole kwamba labda anaikaba mishikio, labda mkono wa resi unateleza bila yeye kujua, kwamba si aibu, mikono ina umri wake. Mfuga kuku wa pale kona alikuwa ameulizia mashine muda mrefu. Ana vijana wenye nguvu, angeichukua. Wifi yake, aliyekuwa akichambua mchele mlangoni, hakusema kitu, jambo lisilo la kawaida kwake, na Shangazi aliuona ukimya ule kama muhuri. Akatazama viganja vyake. Kweli vilikuwa vinatetemeka kidogo, lakini ni mkono gani usiotetemeka baada ya kuvuta ile kamba mchana kutwa? Alitaka kubisha. Lakini ushahidi wote ulikuwa upande wa pili. Mashine ilimtii kila mtu isipokuwa yeye.

Akasema sawa. Amebakiza kiwanja cha zahanati, ameahidi, akimaliza hicho mfuga kuku aje aichukue.

Usiku ule alilia, kidogo, kwa ustaarabu, uso ukiwa ndani ya mto. Si mashine peke yake iliyomliza. Alikuwa mtu aliyekaa kwenye nyumba ya mdogo wake bila kujisikia mzigo, kwa sababu kila asubuhi alitoka na kila jioni alirudi na udongo kwenye viatu. Akikaa kivulini na cherehani asiyoitaka, atakuwa nani pale ndani? Atakuwa dada wa mwenye nyumba, anayesogezewa kiti.

Kiwanja cha zahanati kilikuwa nyuma ya jengo, ardhi iliyokaa muda mrefu bila kulimwa, muuguzi mkuu akitaka iwe bustani ya mboga kwa ajili ya wajawazito wanaosubiri. Kamba nyeupe ilifungwa kwenye vijiti kuonyesha mpaka. Shangazi alianza mapema. Tuta la kwanza likaenda, la pili likaenda, na moyo wake, ambao ungepaswa kuwa umekwisha kujifunza, ukaanza kutumaini. La nne likamkuta katikati. Injini ikakohoa, ikalegea, ikazima.

Kupitia dirishani aliwaona wajawazito kwenye benchi wakigeuza shingo. Muuguzi mkuu alitoka, akamuuliza kwa wema kama angependa kupimwa presha. Lile swali ndilo lililomaliza uvumilivu. Angetukanwa angestahimili, lakini kupimwa presha! Alimshukuru, akageuka, na kwa hasira akafanya jambo ambalo hakuwahi kulifanya tangu ainunue ile mashine: injini ikiwa bado inatoa joto, akaushika mfuniko wa tangi, akauzungusha.

Mfuniko ulikuwa mgumu, kana kwamba kuna mtu anauvuta kutoka ndani. Ulipoachia, tangi likafyonza hewa kwa sauti ndefu, fyuuu, kama mtu aliyeibuka kutoka chini ya maji.

Shangazi alisimama pale pale. Hasira zote zikamtoka, akabaki na masikio tu. Akaugeuza mfuniko juani. Katikati pana kitundu kidogo, si kikubwa kuliko jicho la sindano, na mle ndani pamejaa kitu cheupe, kigumu. Akakikwangua kwa ukucha, akakinusa. Mtu aliyefua mashuka maisha yake yote haulizwi mara mbili kuhusu harufu ile. Ilikuwa sabuni ya mche, ya kufulia, tena ile ile ya nyumbani kwao.

Mara akaelewa yote. Tangi nalo linapumua. Petroli ikishuka kwenda kwenye injini, lazima hewa iingie kushika nafasi yake, na mlango wa hewa ni kile kitundu. Ukikiziba, petroli inashuka kidogo kisha inagoma, na injini inakufa kwa kiu huku tangi limejaa. Ukiiacha ikakaa, hewa inajipenyeza taratibu, ikawaka tena bila kinyongo. Ndiyo maana uani kwa mdogo wake, kwa dakika chache zile, ilikuwa haina neno. Ndiyo maana kwa Fundi Pole, aliyekuwa akiijaribu mfuniko ukiwa juu ya meza, haikukosea. Na yeye Shangazi, kwa sheria yake ya kungoja ipoe, alikuwa akifungua tangi ambalo limekwisha kuvuta pumzi zake kimya kimya. Mwangalifu kuliko wote ndiye pekee asiyeweza kulisikia.

Alitoa pini kwenye blauzi yake, akakizibua kitundu, akakipuliza, akafunga. Akavuta kamba. Pawatila ikalima tuta la nne, la tano, la sita, bila kuvuta pumzi. Angepaswa kufurahi, na mikono yake kweli ilifurahi. Lakini kichwani lilikuwa limeingia jambo lingine, na kila tuta lilikuwa likiliotesha. Sabuni haiingii kwenye kitundu yenyewe. Kuna mkono ulioipaka. Mkono wa nyumbani.

Akamkumbuka mdogo wake na maneno yake yaliyochongwa. Akaukumbuka ukimya wa wifi yake pale mlangoni. Friji. Cherehani. Mfuga kuku. Kumbe walikula njama, alijiambia, walitaka aketi chini, na walipoona haketi wakamkalisha. Aliacha nusu ya kiwanja, akaizima pawatila kabla haijachoka, akairudisha nyumbani akiwa na uso ambao watu wa njiani waliusalimia kwa mbali. Akaapa kwamba leo atasema yote, na kesho atafunga virago.

Walikuwa wamekaa kula alipoingia. Watoto walikwisha kula wakatoka. Hakunawa mikono. Aliuweka mfuniko wa tangi mezani, katikati ya sahani, akabaki amesimama.

“Nani alipaka sabuni hapa?”

Mdogo wake aliutazama mfuniko kama mtu aliyewekewa jiwe kwenye chakula. Wifi yake wala hakusita.

“Mimi,” alisema. “Kwani imetoka? Kila nikifagia naikagua, nikiona imekauka naongeza.”

Shangazi alikuwa amejiandaa kwa kila jibu isipokuwa hilo. Akamuuliza aliipaka ya nini.

“Si kile kikohozi chako, wifi,” alisema yule mwanamke, akishangaa kwamba jambo hili linahitaji kuelezwa. “Tangi lina tundu, harufu yote inatokea pale pale, usiku kucha inakuingilia chumbani. Baba yangu alikuwa dereva wa lori, tangi likitoboka alilipaka sabuni, safari inaendelea. Nikasema nikuzibie. Wewe ukikohoa mimi silali.”

Shangazi alimtazama wifi yake, aliyekuwa amelala ng'ambo ya ukuta usiku wote ule akihesabu vikohozi visivyo vyake, na asubuhi akachukua mche wa sabuni na kuinama juu ya mashine asiyoipenda. Ukimya wa pale mlangoni kumbe ulikuwa wa huruma. Aliona aibu kwa yote aliyoyalima kichwani mchana ule, na hapo hapo akasikia kicheko kikimpanda kutoka tumboni, akashindwa kukizuia.

“Wifi,” alisema alipopata pumzi, akivuta kiti, “umenizeesha mwezi mzima kwa kipande cha sabuni.”

Ilibidi aeleze mwanzo hadi mwisho, tangi, hewa, petroli inayogoma. Wifi yake alifunika uso kwa viganja vyote viwili. Kwanza alicheka, kisha akalia, kisha akawa anafanya yote kwa pamoja, akisema kumbe ni mimi, kumbe ni mimi, mpaka Shangazi akamsogelea na kumfuta machozi kwa mkono ambao bado ulikuwa na udongo, akamwachia mstari mweusi shavuni. Mdogo wake alisukuma sahani, akasimama, akaanza kuvaa viatu. Alipoulizwa anakwenda wapi saa ya chakula alisema anakwenda kwa mfuga kuku kumwambia asihangaike. Mlangoni akasita, akageuka.

“Dada, nilikosa,” alisema.

Shangazi alimwambia aende, chakula kitapoa. Alitamka hivyo kwa ukali kidogo, akaenda kunawa mikono. Kesho yake, siku isiyo Jumamosi, kabla hata chai haijaiva, nyundo ilisikika uani, na stoo ikapata mlango mzuri kuliko wa mbele.

Siku hiyo wifi yake alimfuata zahanati. Alisema anakwenda kumsindikiza tu, lakini alikaa juu ya ndoo iliyopinduliwa, macho yake hayaachi mashine, na kila injini ilipobadilisha sauti alinyanyuka nusu. Tuta la tatu likapita. La nne likapita. Baada ya hapo akaacha kunyanyuka, akajisahau, akawa anapiga soga na wajawazito dirishani, akiwaonyesha kwa kidole kwamba yule pale ni wifi yake.

Shangazi hakugeuka. Mikono ilikuwa imelegea juu ya mishikio, nondo ya nyuma ikichora mstari wake, udongo ukipinduka. Alilifikia tuta la mwisho, akalimaliza, akaifikia kamba nyeupe ya mpaka. Ng'ambo ya kamba mlinzi wa zahanati alikuwa na kipande chake cha kupandia maharage, naye alikuwa amekiinamia na jembe la mkono tangu asubuhi. Shangazi aliisogeza kamba kwa mguu, akapita na pawatila yake. Mlinzi aliruka pembeni, akasimama na jembe lake mkononi, akatazama ardhi yake ikichimbuka bila yeye.

“Shangazi,” aliuliza kwa sauti ili asikike, “nani amekutuma huku?”

“Hakuna,” alisema Shangazi, bila kupunguza resi. “Sijachoka tu.”